Usikipitishe hicho kiraka: thredi yenu haichelewi kuamka, haijaitwa kabisa

Usikipitishe. Ndugu wa Nakuru, umeuliza mambo manne lakini mimi nimekwama kwenye la kwanza na sitoki hapo mpaka unielewe. Unasema thredi (mkondo wa kazi unaolala na kuamka) ya draiva ya Linux ya mashine yenu ya kuuza maji huchelewa kuamka kwa sekunde nzima mara mojamoja, mwenzako ameleta kiraka, yaani badiliko la msimbo, kinachopunguza muda wa kikomo wa kulala, schedule_timeout, kutoka HZ hadi HZ/100, kimekesha kwenye laptopu bila shida, na wewe ndiye mkaguzi. Kiraka cha namna hiyo nilikitia sahihi mimi hapa Kisumu, na walioumia hawakuwa wahandisi.

Iangalie kwanza hiyo sekunde. Kwa nini iwe sekunde kamili kila mara, isiwe milisekunde arobaini leo na mia mbili kesho? HZ ni idadi ya mapigo ya saa ya kerneli, moyo wa Linux, kwa sekunde, yawe 100, 250 au 1000, kwa hivyo kulala kwa HZ ni kulala sekunde moja. Thredi yenu haikuamshwa kwa kuchelewa. Mwito ulipotea, ikalala mpaka muda wake ukaisha, ikainuka yenyewe na kukuta data ilishafika zamani. Mwenzako ameona imechelewa, akafupisha usingizi. Mwito unaendelea kupotea vilevile, ila sasa hakuna atakayeuona ukipotea.

Sisi tulikuwa na draiva ya mita ya maziwa, kwa kituo cha kukusanyia huko juu upande wa Nandi. Bodi yenye prosesa ya ARM ya viini vinne, mita inayoweka vipimo kwenye bafa ndogo (ghala la muda) ndani ya chipu, intarapti, yaani ishara ya kifaa, ya kutangaza kwamba kuna kipimo, na thredi ya kwenda kuvizoa. Mara mojamoja skrini ilikuwa inaganda kwa sekunde, bafa inafurika, mpimaji anatupigia simu. Kikaja kiraka cha HZ/100. Kerneli yetu ilikuwa na HZ ya 250, na 250 ukiigawa kwa 100 kwa namba kamili unabaki na mapigo 2, yaani milisekunde 8 hivi. Tukajaribu kwa mtungi mmoja uliomiminwa polepole, kila lita ikahesabiwa, skrini haikuganda tena. Kikapita.

Asubuhi za foleni ndefu, maziwa yakimiminwa kwa nguvu, ile bafa ilikuwa inajaa kabla milisekunde 8 hazijaisha. Kila mwito uliopotea ulifuta vipimo kadhaa kimyakimya. Hapo awali skrini ilikuwa inaganda na mtu anajua kuna tatizo. Baada ya kiraka hapakuwa na dalili yoyote. Kina mama wakawa wanaandikiwa maziwa pungufu. Tangi likawa na maziwa mengi kuliko yaliyopimwa, na kwa kuwa mashine ilikuwa "imetengenezwa juzi tu", macho yote yakamgeukia kijana mpimaji. Alisimamishwa kazi akishukiwa kuwapunja wakulima ili ziada aiuze. Kijana wa watu akakaa nyumbani, jina lake likitajwa kila boma, na kosa lilikuwa kwenye draiva. Alirudishwa kasoro ilipopatikana na wakulima wakafidiwa, lakini baadhi yao walikuwa wameshahamia kituo kingine na siwezi kuwalaumu.

Kasoro yenyewe hii hapa, na nina hakika kubwa draiva yenu ina ndugu yake. Upande wa intarapti: set_bit kuweka alama kwamba data ipo, kisha waitqueue_active kuuliza kama kuna anayesubiri kwenye foleni ya waliolala, na akiwepo ndipo wake_up iitwe. Upande wa thredi: prepare_to_wait kujiandika kwenye foleni, kisha kutazama alama, na kama haipo, schedule_timeout kulala. Ukisoma kila upande peke yake huoni kosa. Chukua karatasi, piga mstari katikati, andika mwamshaji kushoto na mlalaji kulia. Mwamshaji anaandika alama, kisha anasoma foleni. Mlalaji anajiandika kwenye foleni, kisha anasoma alama. Kila mmoja anaandika chake na kusoma cha mwenzake.

Sasa kumbuka kwamba prosesa haipeleki maandishi kwenye kumbukumbu papo hapo. Inayaweka kwanza kwenye bafa yake ya ndani na kuendelea na usomaji unaofuata. Kwa hivyo mwamshaji anaweza kusoma foleni kabla alama yake haijaonekana kwenye kiini kingine: anakuta foleni tupu, anaondoka bila kuita. Wakati huohuo mlalaji anasoma alama ya zamani, analala. Hakuna aliyemwona mwenzake. Ili angalau mmoja amwone mwingine, kila upande lazima uwe na kizuizi cha kumbukumbu kamili kati ya kuandika na kusoma, yaani agizo la kufanya maandishi yaonekane kwanza ndipo usomaji ufuate. Mlalaji anacho, kimo ndani ya set_current_state ambayo prepare_to_wait huitumia. Mwamshaji wetu hakuwa nacho, kwa sababu set_bit haiahidi mpangilio wowote.

Na hapo ndipo laptopu inapowadanganya. Kwenye x86, aina ya prosesa ya laptopu nyingi, set_bit hutafsiriwa kuwa maagizo yenye lock, nayo hufanya kazi ya kizuizi kamili hata kama hukuomba. Kwenye ARM huo msaada wa bure haupo. Kiraka chenu kinaweza kukesha kwenye laptopu mwaka mzima kisithibitishe lolote kuhusu bodi iliyo ndani ya mashine.

Tiba yetu ilikuwa kufuta waitqueue_active na kuita wake_up moja kwa moja. Hiyo hushika kufuli ya foleni, ileile ambayo prepare_to_wait huishika, na mambo yanapangika. Kama mtu ana sababu ya kweli ya kukwepa kufuli, ipo wq_has_sleeper, ambayo ina kizuizi ndani yake. Fungua include/linux/wait.h usome maelezo yaliyo juu ya waitqueue_active: waandishi wa kerneli wenyewe wameichora kwa safu mbili, mwamshaji huku na msubiri kule.

Ndiyo maana sheria yangu ni moja na siibadilishi kwa mtu: kiraka cha kuamsha thredi hakipiti bila safu mbili, na mwenye kiraka aonyeshe ni mpangilio upi ulioharibika na mstari upi unaouzuia. Akishindwa kuonyesha, hajui alichotengeneza, hata majaribio yakipita yote.

Nina hasira, ndiyo. Tulikuwa na mshauri aliyelipwa pesa nzuri kuliko sisi sote. Alitazama dalili kwa dakika chache akatuambia ni skejula mpya, ile sehemu ya kerneli inayogawa zamu za prosesa, kwamba EEVDF iliyoingia na toleo la 6.6 mwaka 2023 ndiyo inayotuchelewesha, turudi kerneli ya zamani. Tukarudi, sekunde ikawa ileile. Akasema basi fupisheni muda wa kulala, "ni mshipi wa usalama". Hakuomba kuona msimbo wa intarapti hata mara moja! Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alitufundisha kuficha kwa ankara. Na huyu mwanajukwaa aliyekujibu hapo juu uweke printk, amri ya kuandika ujumbe kwenye logi, uone kama hali itatulia, tafadhali usimsikilize: printk hubadilisha nafasi kati ya matukio, kasoro inajificha, ukiiondoa inarudi.

Muda wa kikomo wenyewe siukatazi. Uache kwa ajili ya kifaa kilichokufa, lakini schedule_timeout ikirudisha 0 na data ipo, hiyo ihesabiwe kuwa hitilafu na ipige kelele kwenye logi. Kelele hiyo ingemwokoa kijana wetu.

Umeuliza pia kama PREEMPT_RT, mpangilio wa kerneli wa kazi zisizovumilia kuchelewa, ingewasaidia, kwa kuwa imeingia kwenye kerneli kuu tangu toleo la 6.12 mwaka 2024. Inafupisha muda kati ya kuitwa na kupewa prosesa. Thredi ambayo hakuna aliyeiita, haina cha kuifupishia. Kujua mko upande upi, washa matukio mawili ya ftrace, kifuatiliaji kilichomo ndani ya kerneli: sched_waking (thredi inaitwa) na sched_switch (thredi inapewa prosesa), kwenye bodi yenyewe, na mashine ikiwa na kazi nyingi. Mkiona sched_waking kwa wakati na sched_switch imekuja baadaye sana, hapo tuzungumze vipaumbele, RT na usingizi mzito wa prosesa. Kama data imefika na sched_waking haionekani mpaka saa ya kikomo ipige, basi mwito umepotea na mnarudi kwenye karatasi.

Kirudishe kiraka leo, umwambie mwenzako kwa heshima kwamba hakijafika kwenye kasoro. Kisha weka hapa mistari ya intarapti yenu kuanzia pale alama inapowekwa mpaka wake_up, na kitanzi cha thredi kizima, usikate kitu. Nitavisoma usiku huu nikitoka kazini.