Nina wiki 9 na shilingi 2,000

SWALI: Nesi, shikamoo. Nafua nguo za watu huku Mikindani, 500 kwa siku nikipata kazi. Nina watoto wanne. Wa mwisho nilimzaa kwa kifafa cha mimba, nikazinduka siku ya tatu, na daktari akamwambia mume wangu nyingine itaniua. Sindano ya kupanga uzazi niliikosa mara moja tu, na sasa nina mimba ya wiki 9. Kliniki ya kibinafsi wanataka 12,000. Jirani ananielekeza kwa mama mmoja anayetoa mimba kwa 2,000, na hizo ninazo. Zamu yangu ya chama ni mwezi ujao. Je, ningoje? Na nikienda hospitali ya serikali, si nitashikwa?
Mama Fua, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usingoje chama.

Hilo la kushikwa tulimalize kwanza. Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya 2010 kinakataza kutoa mimba, ila pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona unahitaji matibabu ya dharura, au uhai au afya yako imo hatarini. Afya pia, si uhai peke yake. Na si lazima awe daktari bingwa: Sheria ya Afya ya 2017 inawahesabu nesi, mkunga na afisa wa kliniki. Aliyepoteza fahamu siku tatu kwa kifafa cha mimba ana la kusema mbele ya mtu kama huyo. Yule mama wa 2,000 hana ruhusa hiyo. Kanuni ya Adhabu inampa yeye hadi miaka 14 na wewe hadi 7, kwa hivyo kesi unayoiogopa hospitalini iko kwake.

Sasa pesa. Usiku mmoja nikiwa zamu, hospitali siitaji, aliletwa mwanamke kwa tuktuk, amekalia gunia asichafue kiti cha watu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikamfungulia mimi fundo la leso: shilingi 340, nyingi sarafu, zimelowa. Wiki tano nyuma alikuwa amekuja kwetu, akaambiwa skani hatuna, akapige nje, 2,500. Akaenda kuzitafuta. Alipozipata, mimba ilikuwa imepita miezi mitatu na bei imepanda, ndipo akaingia vichochoroni. Alipona. Lakini kwa theatre, chupa tatu za damu na siku tisa za kitanda, bili ilifika 41,000. Karatasi ya kumruhusu nilimwandikia mimi mwenyewe, mlinzi akamzuia langoni, bili haijalipwa. Akakaa wiki mbili nyingine, mzima, wakilala wawili kitanda kimoja. Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba. Mchezo huo haujaisha, lakini ukifanyiwa, ujue uamuzi upo.

Kilichomponza ni zile wiki tano. Katika miezi mitatu ya kwanza kazi hii hufanywa kwa vidonge au pampu ya mkono, na mtu hulala kwake. Ukivuka hapo mambo huanza kuelekea theatre na kulazwa. Mwezi ujao utakuwa na wiki 13. Utashika 12,000 za chama mkononi, uambiwe hazitoshi.

Basi Jumatatu alfajiri uwe hospitali ya kaunti. Beba kitambulisho, kile kijitabu cha kliniki cha mtoto wa mwisho, na karatasi uliyopewa uliporuhusiwa ile siku, ilipoandikwa kifafa. Kama panya hawajaila, hiyo ina thamani kuliko pesa za chama. Usianze na “nataka kutoa”. Anza na kifafa, wakupime presha, na maneno ya daktari yaandikwe kwenye faili. Akitokea wa kukataa kwa dini yake, usibishane naye, mwombe akuandikie rufaa kwa mwenzake.

Kisha muulizie afisa wa ustawi wa jamii, yule wa kupunguza au kufuta bili. Muone kabla ya huduma. Watu humkumbuka bili ikishachapishwa. SHA, ile bima ya afya ya serikali, jiandikishe kwa *147#, ni bure, lakini ukifika hospitali kubwa watatazama kama umelipia, na ninyi msio na mshahara mnatakiwa mlipe mwaka mzima kwa mpigo, si chini ya 300 kila mwezi. Aliyepanga hivyo hajawahi kulipwa kwa siku. Uliza dirishani italipa nini kabla hujapanda kitandani.

Ukianza kutoka damu nyingi kabla ya Jumatatu, au kichwa kikagonga na macho kuona giza, ondoka saa hiyo hiyo hata mfuko ukiwa mtupu. Kifungu cha 43(2) kinasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura.

Na mkimaliza, waombe wakuwekee kijiti cha mkononi cha kupanga uzazi siku hiyo hiyo. Kuna cha miaka mitatu na cha mitano. Wakikwambia urudi wiki ijayo, waambie nauli ya wiki ijayo huna.