Shofa (dereva) asukume kinga (baiskeli), mwenye kinga akae ndani ya lori

Msomaji mmoja wa Likasi ameniandikia: "Yaya, nataka kufundisha vijana wanaosukuma kinga za makala (mkaa) usalama wa barabarani. Nianzie wapi?" Anzia kwa mashofa, ndugu yangu. Wakutanishe na vijana hao.

Hapa Lubumbashi niliomba kampuni moja ya usafirishaji initolee lori kwa saa chache. Nikajibiwa kwamba watu wa kinga hawafundishiki. Neno lile linaniuma mpaka leo. Mwenye lori mwingine alikubali, na Jumapili moja tukampandisha mzee wa makala kwenye kiti cha shofa, kinga yake tukaiegemeza chini, upande wa kulia. Akatazama kioo, akainama, akatazama tena. "Kinga yangu iko wapi?" Hakuna maneno yangu yangeweza kumfundisha vile.

Kisha zamu ya mashofa: sukuma kinga yenye magunia mawili pembeni mwa lami, penye changarawe. Mmoja alienda hatua chache, usukani ukamvuta, mzigo ukamlaza chini. Leo yeye ndiye anayewafundisha wenzake kutopiga honi mgongoni mwa mtu aliyebeba. Najivunia sana.

Wafundishe pia usukani. Kongo tunapita kulia, lakini malori mengi yanayopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanatoka nchi zinazopita kushoto, usukani wao uko kulia. Shofa wa namna hiyo anakaa upande wa mtaro; haoni vizuri gari linalokuja mbele, kwa hiyo anaogopa kusogea katikati ya barabara na anakupita karibu mno. Lori la usukani wa kushoto nalo linakuficha upande wa kulia. Ukiwa kando ya lori lolote kati ya hayo, dawa ni moja: usipoona uso wa shofa kwenye kioo chake, naye hakuoni. Baki nyuma.

Gunia hufunika taa ya nyuma ya kinga. Kiakisi mwanga kifungwe juu ya gunia lenyewe, kwa sababu watu wa makala huingia mjini kabla ya mapambazuko.

Na wewe shofa, nisikilize. Ukizidisha mwendo mara mbili, breki inahitaji umbali mara nne kukusimamisha. Yule mbele yako ana watoto wanaosubiri pesa ya hilo gunia. Punguza mwendo, subiri nafasi, mwachie mita moja na nusu pembeni.

Ndugu wa Likasi, tafuta lori kwanza. Mwenye lori akikukatalia, nenda kwa mwingine.