Kabla hujampeleka mchumba kula kambakochi, soma hii kwanza

Juzi kuna kaka kanitumia meseji, anataka kumpeleka mchumba wake sehemu ya maana kule Masaki wakale vitu vya baharini, kambakochi, yule kamba mkubwa, ndiyo siku ya kumvisha pete, sasa anauliza avae nini. Avae nini! Kaka, vaa chochote kilichopigwa pasi. Wewe wa kumwogopa ni mhudumu, tena yule mzuri. Mhudumu mbaya hana shida, anakununia na wewe unamnunia, unakula unalipa unasepa. Mzuri ndiye anayekumaliza.

Mimi yalinikuta 2022. Nilikuwa nimepandishwa cheo kazini nikajiona nimefika, nikamwambia waifu vaa tutoke, laki mbili taslimu mfukoni. Kufika tu mlangoni kijana katupokea kwa jina, kamvutia waifu kiti, mimi kanitandikia kitambaa mapajani utadhani nanyolewa. Nikinywa maji mafunda mawili glasi ishajazwa. Nimeangusha uma, kabla sijainama uma mwingine upo mezani. Na kila neno ni bosi. Sasa mtu kakuita bosi mara kumi na tano, unaanzia wapi kumuuliza bei? Hapo ndipo nilipokwama. Kaja kainama kidogo, "Bosi, leo tuna kambakochi mzuri sana, nikuwekee?" Nikasema weka. Kwenye menyu pale penye bei wameandika "kulingana na uzito", nimeiona kwa macho yangu haya mawili, nikafunga menyu.

Na kinachoniuma mpaka leo, mimi siyo mgeni wa samaki. Mtoto wa Kigamboni mimi, mama yangu kakaanga samaki Feri miaka yote ninayoikumbuka, alfajiri anapanda pantoni na beseni lake kuwahi mnada, na shule zikifungwa naenda naye kubeba. Najua kambakochi aliyeingia chunguni mzima mkia wake unajikunja kwa ndani, ukiunyoosha unarudi. Aliyekufa zamani mkia unalegea, nyama inamumunyuka. Niliyeletewa mimi alikuwa kanyooka kama rula. Nikamjua palepale. Jamaa kasimama pembeni, mikono nyuma, tabasamu, "Kila kitu kiko sawa bosi?" Nikamwambia kiko sawa sana.

Halafu mezani wameniwekea koleo ya kuvunjia magando, ile ya Wazungu wenye kamba wa magando makubwa kama ngumi, wakati kambakochi wetu hana gando hata la dawa. Lakini jamaa si ananiangalia, nikaishika nikaanza kuminyaminya miguu na masharubu ya mdudu, mtoto wa Feri mimi.

Bili ikaja kwenye kijitabu cha ngozi. Kambakochi kilo moja na gramu 400, kilo ni 120,000, kwa hiyo 168,000 yeye peke yake. Pweza wa kuanzia 32,000, kolekole wa waifu 45,000, juisi mbili 24,000, na yale maji niliyokuwa najaziwa kwa upendo, chupa nne, 36,000. Jumla 305,000. Chini kwa maandishi ya chungu, bei hazina VAT, ongeza asilimia 18, ikawa 359,900. Waifu aliniangalia usoni, hakusema neno, akafungua pochi akatoa hela ya mchezo ya kina mama aliyotakiwa kuikabidhi Jumapili. Nilishamrudishia, tena na zaidi. Ila mpaka kesho tukipita kwenye bango lenye picha ya kamba anacheka peke yake.

Kwa hiyo kaka yangu, uliza bei. Kitu cha kilo mwambie amlete umwone na apimwe mbele yako kabla hajaingia jikoni, akishapikwa utabishana na nani? Maji nayo uliza. VAT uliza imo au haimo. Na umesema ni mwezi wa saba, huo upepo wa kusi umekolea, bahari imechafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, kwa hiyo uliza leo kimeingia nini, usikariri menyu. Uliza tu. Vijana tuna aibu za ajabu sisi, Kariakoo tunamkaba muuza soksi mpaka anataka kulia, bodaboda tunagombana naye kwa mia tano, ila tukifika penye kiyoyozi na vitambaa vyeupe tunakuwa wapole kama tumefiwa. Yule kijana hakunikosea kitu mimi, kafanya kazi yake kwa heshima zote, na tipu mpe kwa sababu kasimama masaa matatu. Mdomo niliufunga mwenyewe.

Jumamosi iliyopita nimerudi palepale, safari hii na mama, kanga yake mpya. Mhudumu mwingine, adabu zilezile, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, samaki wako wako wapi?" Sinia likaja lina barafu. Mama kaingiza kidole kwenye shavu la changu, kafunua, kanusa, mezani penye mishumaa hapo, mimi natamani sakafu ipasuke. "Huyu kalala. Huyu naye kalala. Huyu chewa ndiye wa leo, ona jicho." Kijana akacheka mpaka kasahau kusimama wima, akaenda kumwita mpishi, mpishi katoka na aproni yake wakaanza kuulizana habari za mnadani kama wanajuana. Chewa kapimwa mbele yetu, kilo mbili na robo. Kapikwa nusu wa kuchoma nusu wa nazi, na sijawahi kula samaki mtamu vile hotelini.

Bili haikufika laki na nusu. Natoa hela, mama kanishika mkono, kamgeukia kijana.

"Mwanangu, mlimpima na kichwa?"

"Ndiyo mama."

"Kiko wapi?"

Kijana kaniangalia mimi, mimi naangalia mishumaa. Akarudi jikoni. Chenji na risiti vikaja kwenye kile kijitabu cha ngozi, na nyuma yake kichwa cha chewa kwenye foili, wameweka na ndimu mbili za supu.