Pikapu: nifungie ndani au niiache nje?

Swali: Nina pikapu ya dizeli ya kabini mbili. Haina kazi ya kila siku, wakati mwingine hukaa wiki tatu bila kuwashwa. Nyuma ya nyumba kuna chumba cha matofali chenye geti la chuma, ila msimu wa mvua kuta zake hushika ukungu. Vinginevyo niiache uwanjani chini ya mti na kuifunika turubai. Wapi itadumu zaidi? Na betri niifanyeje, maana nikirudi mara nyingi naikuta imekufa?

Jibu: Chagua chumba, lakini usiiingize kabla hujakirekebisha. Kilivyo sasa kinaweza kuila pikapu yako haraka kuliko uwanja.

Jua huharibu gari kutoka juu. Mionzi yake huchosha lakka, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ikianzia kwenye boneti na paa. Vioo vya plastiki vya taa za mbele hugeuka njano, mipira ya milango hukauka, deshibodi hupasuka. Paa lolote, hata la mabati matupu, linamaliza tatizo hilo.

Kutu huja kutoka chini, na huko paa halisaidii kitu. Chasisi ya pikapu ni mihimili miwili mirefu ya chuma, na sehemu kubwa ina uwazi ndani kama bomba la pembe nne. Tope huingia kwenye matundu yake, likakaa humo na maji yake kwa siku nyingi. Sasa chukua gari hilo limelowa, lifungie kwenye chumba kisichopitisha hewa: maji yakikauka hayana pa kwenda, hewa inashiba unyevu, na usiku chuma kikipoa matone yanarudi palepale. Unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 60 kutu hushika kasi, na joto la chumba huichochea zaidi. Gari lilelile likiachwa kwenye upepo lingekauka kabla ya jioni.

Kwa hiyo anza na hewa. Toboa matundu kwenye kuta mbili zinazotazamana, upande mmoja sentimita 20 hadi 30 kutoka sakafuni, upande wa pili juu karibu na paa, ili hewa ipite ikiifagia pikapu. Yazibe kwa wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6, vinginevyo umewafungulia panya mlango. Kisha pima sakafu: tandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, bandika kingo zote kwa utepe wa gundi, subiri saa 24. Ukikuta matone chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini. Hapo matundu peke yake hayatoshi. Itabidi utandaze nailoni nzito na kumwaga zege jipya juu yake.

Kabla ya gharama hiyo, pima nafasi. Pikapu nyingi za kabini mbili zina urefu wa karibu mita 5.3 na upana wa mita 1.8 hadi 1.9 bila vioo vya pembeni. Chumba cha mita 6 kwa 3 ndiyo mwanzo, na hata hapo utafungua milango kwa uangalifu. Urefu wa geti upime pikapu ikiwa tupu, kwa sababu bila mzigo springi za nyuma huinuka. Wengi hugundua hili siku ya kurudi bila mzigo, keria ikigonga fremu.

Turubai chini ya mti silishauri kabisa. Nailoni hufungia mvuke, na vumbi lililobaki kati yake na rangi hugeuka msasa kila upepo unapolipeperusha. Mti nao unadondosha utomvu, ndege wanaacha kinyesi chenye asidi, na majani yanaziba mfereji ulio chini ya kioo cha mbele hadi maji yanaingia kabini. Kama ungekuwa na uhuru wa kujenga upya, ningechagua banda lenye paa, lisilo na kuta isipokuwa upande wa jua la jioni, sakafu ya zege au kokoto unene wa sentimita 10. Kamwe si juu ya nyasi.

Popote utakapoiweka, osha chini kwanza. Elekeza mpira wa maji ndani ya matundu ya chasisi hadi yatoke maji safi, kisha endesha ili upepo uikaushe. Ikikauka, puliza ndani ya mihimili dawa ya nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu, ila usizibe matundu ya kutolea maji. Oili chafu ya injini, ambayo bado inapakwa na watu wengi, hulainisha na kuharibu mpira wa bushi (vikombe vya mpira kwenye maungio ya chini ya gari) na kukusanya vumbi. Kama bodi ya nyuma ina tandiko la plastiki ngumu, linyanyue mara mbili kwa mwaka: mchanga ulio chini yake husaga rangi, na maji hukaa hapo bila kuonekana.

Betri sasa. Gari lililozimwa bado linakula umeme kidogo, kwa alamu, saa na kompyuta. Miliampia 30 ni kawaida: kwa wiki tatu hutoa kama ampia-saa 15 (kipimo cha umeme uliohifadhiwa kwenye betri), na betri ya ampia-saa 70 inavumilia. Ikifika miliampia 100, wiki tatu zinakula ampia-saa 50, na hiyo haiwashi dizeli. Pima betri kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, gari likiwa limepumzika saa kadhaa: volti 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na hapo inaanza kuharibika ndani. Kwa kuwa unaikuta imekufa, mwambie fundi umeme apime kinachovuja. Wakati huo chomeka chaja inayojizima yenyewe, au toa waya wa hasi. Hasi hutoka kwanza na hurudi mwisho.

Kuwasha injini dakika tano na kuizima si dawa. Stata inachukua umeme ambao hizo dakika tano huenda zisirudishe, na maji yanayotokana na kuungua kwa mafuta yanabaki ndani ya ekzosi na kuitoboa. Endesha nusu saa au usiwashe. Usiache injini ikiunguruma humo chumbani hata geti likiwa wazi: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu.

Tenki liache limejaa, ili pasiwe na nafasi ya mvuke kugeuka maji ndani, na toa maji kwenye chujio la dizeli kila unaporudi. Handibreki usiivute kwa wiki tatu, viatu vya breki hugandia kwenye ngoma. Weka gia ya kwanza na vizuizi mbele na nyuma ya gurudumu. Mbolea, klorini na magunia ya nafaka vipeleke chumba kingine: viwili vya kwanza vinaharakisha kutu, cha tatu huwaita panya, na panya wakishiba nafaka huhamia kwenye waya.