Lami hainywi maji: majibu kwa wasomaji

Mtaa wetu umewekwa lami. Mbona sasa maji yanaingia ndani, na zamani hayakuingia? (Mama J., Tabata)

Pole sana, mama. Ile njia ya vumbi ilikuwa inakunywa, lami hainywi. Piga hesabu: mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kipande cha barabara chenye upana wa mita 7 na urefu wa mita 100, mvua ikifika milimita 50, kinamwaga lita 35,000 za maji. Mtaro wa zege hauyapunguzi, unayasukuma kwa aliye bondeni, hadi Mto Msimbazi, na bonde la Jangwani likijaa Barabara ya Morogoro inafungwa.

Maji yapewe pa kuzama kabla hayajashika kasi. Tazama bustani nyingi za kando ya barabara zetu: udongo umeinuka kupita ukingo, mvua ikinyesha tope linashukia kwenye lami. Inanisikitisha kila masika. Bustani hiyo ingechimbwa ikawa chini ya lami kwa sentimita 15 hivi, ukingo ukaachiwa matundu, maji yangeingia yenyewe. Chini kokoto, juu mchanga wenye mboji, kisha nyasi za mizizi mirefu kama vetiva.

Si tutafuga mbu? (Kijana wa Sinza)

Mbu huhitaji kama wiki nzima kutoka yai hadi kuruka. Bustani iliyotengenezwa sawasawa hukauka ndani ya siku 2. Ikipita siku 3 maji bado yapo, imeziba, ifukuliwe.

Pevingi za uani zinasaidia? (Baba Neema, Mbezi)

Zikilazwa juu ya zege, hapana. Zilazwe juu ya kokoto, na nafasi kati yake zijazwe kokoto ndogo, si saruji.

Haya si mambo ya Ulaya tu? (Fundi, Temeke)

Wanaotajwa kuwa waanzilishi wa bustani hizi za kunywa maji ni Prince George's County, Maryland, Marekani, miaka ya 1990. Seattle nao walitengeneza upya mtaa mmoja kwa mitaro ya nyasi, na maji yanayotiririka yakapungua kwa zaidi ya 98%. Ila fundi umeuliza la maana: mvua ya Seattle ni ya manyunyu, masika yetu hushuka kwa kishindo. Kwa hiyo mtaro wa zege ubaki, upokee ya ziada tu. Penye mfinyanzi, weka bomba la matundu chini ya kokoto. Na usichimbe karibu na shimo la choo.

Mama J., barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Pelekeni ombi kupitia serikali ya mtaa, mkiambatanisha picha za maji yakiwa mlangoni.