Pesa ya Matofali Iko Wapi, Mwanangu?

*Shikamoo Mama. Mimi ni askari wa kike, nina miaka 27, ni muuguzi katika hospitali ya jeshi hapa Dar es Salaam. Mchumba wangu naye ni askari, koplo. Tulijuana Kihangaiko tukiwa kuruti. Baada ya hapo mimi nikapangiwa Dar, yeye Songea, tukapendana miaka mitatu kwa simu na likizo. Mwaka jana alipelekwa Beni, Kongo, kulinda amani. Akiwa huko huko akatuma wazee kwetu Singida, barua ya posa ikapokelewa. Nilishona gauni zuri la kijani, lakini pete nikavishwa na shangazi yake, yeye akitazama kwenye video. Wenzangu wanapigiwa magoti, mimi niliona aibu.*

*Tangu hapo amebadilika. Anakaa kimya hata siku tatu. Akipiga ni dakika tano, tena anauliza ujenzi wa Chanika tu. Siku hizi pesa ya ujenzi anamtumia mama yake aliye Kilosa, hanitumii mimi kama zamani. Huyo mama naye ananipigia kila Jumapili kama ananipeleleza. Beni wanaongea Kiswahili, nahisi amepata mwanamke. Juzi nilimwona hewani saa sita usiku na hakunijibu. Kuna kaka wa maabara hapa kazini ndiye ananifariji, anasema mwanaume wa hivyo hafai. Mama, nirudishe pete?*

Marahaba, mwanangu. Kumsubiri mtu aliye porini na bunduki mkononi ni kazi nzito, na najua kuna usiku usingizi hauji. Pole. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiimaliza namwona aliyekosewa ni huyo koplo. Waliosema asiyekuwepo na lake halipo hawakukosea. Yeye hayupo hapa kujieleza, basi leo mimi nitamsemea.

Naanza na pesa, maana wewe umeipitia haraka sana. Umeandika kwamba hakutumii "kama zamani". Kumbe zamani alikutumia. Shilingi ngapi? Mara ngapi? Hukusema. Kiwanjani Chanika kuna tofali mangapi, msingi umefika wapi, fundi amelipwa nini? Hukusema. Rangi ya gauni umenitajia. Mtu mwenye hesabu safi, anapolalamika kwamba ameondolewa kwenye pesa, jambo la kwanza kutaja ni kile alichokwisha kufanya nayo.

Halafu fikiri vizuri. Mwanaume ana mchumba aliye Dar es Salaam, anayeweza kufika Chanika kwa daladala na kurudi siku hiyo hiyo. Anamwacha, anamtumia pesa mama yake aliye Kilosa, mama mtu mzima apande basi mpaka Dar kununua saruji na kusimama juani na mafundi. Nani anafanya hivyo bila sababu? Kuna kitu alikiona. Pengine aliomba picha ya msingi ukamtumia picha ya zamani. Pengine alimtuma rafiki apite akakuta majani. Zile dakika tano anazouliza ujenzi, anakupa nafasi useme mwenyewe. Wewe unaziita ubaridi. Kama nimekuonea, toa risiti, nitakuomba radhi hapa hapa mbele ya wasomaji wote.

Sasa huo ukimya. Hapa umenikasirisha kidogo, kwa sababu angekuwa binti raia ningemwelewesha polepole. Wewe umevaa kombati. Umepiga kwata Kihangaiko, umelala lindoni, unajua kwamba askari anayetoka doria hamuagi mchumba wake kwenye simu na kumtajia anakokwenda. Tena Beni! Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki huko huko Kivu Kaskazini ilivamiwa jioni, na askari wetu wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Majeneza yao yalipokewa hapa hapa Dar es Salaam. Mama anayekupigia kila Jumapili anaikumbuka siku hiyo kuliko wewe. Hakupelelezi. Anataka kusikia kama mwanawe ameongea na wewe wiki hiyo, maana akijua sauti yake imesikika mahali, atalala. Na wewe unamjibu kwa mkato, nahisi hivyo kwa jinsi ulivyomwandika.

Kuhusu saa sita usiku: Beni iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwake ilikuwa saa tano, mtu pengine ametoka lindo, ameshika simu kabla ya kufumba macho. Huna ushahidi mwingine wa huyo mwanamke isipokuwa kwamba watu wa Beni wanaongea Kiswahili. Hata Songea wanaongea Kiswahili, mwanangu, na alikaa huko miaka mitatu akakuchagua wewe.

Kwenye pete nitakaa kidogo, kwa sababu ugonjwa huu naupata katika barua nyingi. Nani aliwafundisha mabinti wetu kwamba uchumba ni mwanaume kupiga goti hotelini huku marafiki wanarekodi? Kwetu posa inabebwa na mshenga na wazee. Kijana mwenyewe mara nyingi hata hayupo, anabaki kwao akisubiri jibu, na hakuna binti aliyeona hilo ni aibu. Huyu koplo, akiwa nchi ya watu, kwenye vumbi na hatari, alipanga wazee wake wasafiri mpaka Singida, wakaketi na baba yako, wakaeleza shida iliyowaleta. Shangazi mtu akakuvisha pete kwa mkono wake. Maana yake ukoo mzima umekupokea. Siku hizi watu wanapigiwa magoti Jumamosi, na wazazi wanasikia habari kwenye simu za majirani. Ndoa zinaanza na wapiga picha, na siku zikiyumba hakuna mzee wa kuitwa, kwa kuwa hakuna mzee aliyeshirikishwa. Wewe una wazee wa pande zote mbili nyuma yako, na unaona haya.

Na huyo wa maabara? Fimbo ya mbali haiui nyoka, na yeye analijua hilo, ndiyo maana yuko karibu. Mwanaume anayekaa na mchumba wa mwenzake aliye misheni, akamsikiliza, kisha akamwambia yule hafai, ameshaanza kuomba nafasi. Umemtaja kwa sentensi moja tu, mwishoni, na mara baada yake ukauliza kuhusu kurudisha pete. Mambo hayo mawili uliyaweka pamoja kwa sababu moyoni mwako yako pamoja.

Pete si kitu cha kumpa bodaboda airudishe. Ikifika huko, inarudi kwa njia ile ile iliyoijia, kwa wazee. Na ujue Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kudai zawadi alizotoa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa. Watakapokaa kuhesabu, pesa ya ujenzi nayo itaulizwa, na baba yako atakuwa ameketi pale.

Kaka yangu alikwenda vita vya Kagera mwishoni mwa 1978. Wifi yangu alipata barua mbili tu mpaka vita vinakwisha. Hakuwa na simu ya kuangalia nani yuko hewani. Kaka aliacha pesa ya bati. Aliporudi akakuta nyumba imeezekwa, na risiti zote wifi amezikunja ndani ya kopo la majani ya chai. Mpaka anafariki, kaka yangu alikuwa akiwaonyesha wageni lile kopo.

Basi fanya hivi. Kwa huyo kaka wa maabara, salamu za kazi zinatosha, chai ya pamoja iishe kuanzia kesho. Jumapili hii usisubiri mama akupigie, mpigie wewe, umuulize anaendeleaje na ujenzi, na umwombe siku atakayokuja Chanika mwende wote. Kisha kaa chini uandike kila shilingi iliyopitia mkononi mwako, iliyojenga na iliyoliwa. Kama ililiwa, andika ililiwa na nini, kodi, mchango wa harusi ya shoga yako, au lile gauni la kijani. Mtumie yeye mwenyewe hesabu hiyo kwa maandishi, aisome akitoka doria, na umweleze utakavyoirudisha kutoka kwenye mshahara wako. Anaweza akakaa siku tatu bila kujibu. Usimtumie ujumbe wa pili.