Kaunta ya Nne: Noti ya elfu iondolewe tena?

Wasomaji wapendwa, mwezi huu barua nyingi zimehusu jambo moja, nami nimechagua tatu. Wanaonisoma kwa mara ya kwanza wajue nilikuwa keshia wa benki hapa Kisumu kwa miaka 27, na kaunta yangu ilikuwa ya nne kutoka mlangoni.

Mama, pokea salamu kutoka Kibuye. Mimi nauza mitumba, nguo za watoto. Hapa sokoni tumegawanyika. Jirani yangu wa viatu anasema serikali iondoe noti ya 1,000 kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, na ya 500 pia ikibidi, ili walioficha pesa za wizi majumbani watokwe jasho. Anasema mwaka 2019 shilingi bilioni 7 ziliwafia wezi mikononi, na zikifa nyingine tutapumua. Nilikaribia kukubaliana naye, lakini nami nina karibu laki mbili nyumbani za kununulia belo soko la Gikomba, Nairobi. Je, niunge mkono jambo ambalo huenda likanimaliza mimi mwenyewe? Na hizo pesa nizifanyeje?
– Muuza mitumba, Kibuye, Kisumu

Mwanangu, hasira ya jirani yako ninaielewa. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kufungua belo ana haki ya kuumia akisikia pesa za hospitali zimejengea mtu ghorofa. Lakini mimi napinga noti kuondolewa kwa namna ile tena, na nitakwambia nilichokiona.

Tuanze na hizo bilioni 7, maana mabishano yenu yote yamesimama juu yake. Siku ya Madaraka, Juni 1, 2019, huko Narok, Gavana wa Benki Kuu wa wakati huo, Patrick Njoroge, alitangaza noti mpya na kusema ile ya zamani ya 1,000 ingekoma kutumika Oktoba 1. Tulipewa miezi minne. Noti hizo zilikuwa nje karibu milioni 217. Muda ulipokwisha, Benki Kuu ilitangaza kwamba noti milioni 7.386 hazikurudi, yaani shilingi bilioni 7.386 zilibaki karatasi. Sasa piga hesabu. Katika kila noti 100, zaidi ya 96 zilirudi. Na hizo chache ambazo hazikurudi hazikuandikwa jina la mtu. Jirani yako anasema zilikuwa za wezi. Amejuaje?

Katika wiki ya pili ya Septemba walikuja vijana sita kwenye tawi letu. Hawakuja pamoja, ila viatu vyao vilikuwa na matope ya aina moja, yale mekundu, na Kisumu siku hizo ilikuwa kavu kabisa. Kila mmoja alikuwa na laki tisa na kitu. Utaratibu ulikuwa hivi: ukifika milioni moja, maswali yanaanza kuwa mazito, na zaidi ya milioni 5 ilihitaji idhini ya Benki Kuu. Chini ya milioni ulileta kitambulisho, ukahesabiwa, ukaenda. Wa tatu alipofika kwangu nilimuuliza pesa amezitoa wapi. Akasema ameuza ng'ombe. Nikamuuliza ng'ombe wangapi, akatazama mlangoni kabla ya kujibu. Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamweleza. Akaniambia kiwango hakijavukwa, nimhudumie mteja. Nikamhudumia. Mabunda yalikuwa mapya, bado yamefungwa kwa karatasi, kana kwamba hayajawahi kuguswa na mkono wa mtu anayenunua sukuma wiki. Nimeyahesabu mamilioni mengi maishani mwangu, ila yale bado yananikera.

Halafu Alhamisi, Oktoba 3, siku tatu baada ya mlango kufungwa, alikuja mama mmoja kutoka Usenge. Anakausha omena na kuvukiza samaki ufuoni. Alikuwa amebeba mkebe wa mafuta ya kupikia uliofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na noti 34 za 1,000, zimekunjwa mara nne kila moja, zinanuka moshi na ziwa. Tangu Agosti alikuwa akimuuguza binti yake aliyejifungua kwa shida, na noti alizoziacha nyumbani hakuna aliyezikumbuka. Nilizikunjua kwenye kaunta, moja moja, ingawa nilijua jibu tangu nilipouona mkebe. Nilizikunjua kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nilipomwambia, aliniuliza kwa Kijaluo kama pesa nazo huoza. Yeye anajua kuoza. Samaki akikaa siku mbili bila moshi amekwenda. Hakulia. Alizikunja upya vilevile, mara nne, akazirudisha mkebeni, na watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakanyamaza wote.

Elfu 34 zake zimo ndani ya zile bilioni 7, mwanangu. Mwambie jirani yako. Zile milioni tano na ushei za vijana sita hazimo.

Sitaki uelewe kwamba zoezi lile halikuwa na faida. Benki zilitilia shaka miamala zaidi ya 3,000 katika miezi ile na kuiripoti, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu angalau kuna karatasi yenye jina. Tena ukilinganisha na wengine, sisi tuliponea. India, Novemba 8, 2016, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza usiku kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zinakufa saa sita usiku huohuo. Hizo zilikuwa karibu asilimia 86 ya pesa zote taslimu za nchi. Watu walipanga foleni wiki nzima nzima, vibarua wakakosa ujira kwa sababu mwajiri hana noti. Baadaye benki kuu yao ilihesabu ikakuta zaidi ya asilimia 99 zimerudi. Na ile noti mpya ya rupia 2,000 waliyoichapisha wakati huo, kubwa kuliko zilizotangulia, nayo ikaanza kuondolewa mwaka 2023.

Nigeria ilibadilisha noti za naira 200, 500 na 1,000 karibu na uchaguzi wa Februari 2023, kama anavyotaka jirani yako kwetu. Noti mpya hazikutosha. Watu walikuwa na pesa benki na njaa nyumbani, wengine wakavamia mashine za kutolea pesa kwa hasira. Mwezi Machi Mahakama ya Juu ikaamuru noti za zamani ziendelee kutumika hadi mwisho wa mwaka. Uchaguzi wenyewe ulikuwa umekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo keshia hulijua kwa mikono yake. Milioni moja kwa noti za 1,000 ni mabunda kumi, yanaingia kwenye mfuko wa kubebea mkate. Ukiondoa noti hiyo na kubaki na 500, yatakuwa mabunda ishirini. Mwizi atanunua begi kubwa zaidi, basi. Ulaya walipoacha kutoa noti ya euro 500 walikuwa na hoja, kwa sababu noti moja tu ile ni zaidi ya shilingi 60,000 zetu. Elfu yetu ni nini? Ni unga, sukari, mafuta, sabuni na nauli ya kurudi nyumbani, imekwisha. Noti hiyo haina ukubwa wa kumficha mwizi, ila imo mfukoni mwa kila mtu hapo Kibuye.

Na mwizi mwenyewe hakai na noti muda mrefu. Anakuwa na ploti, ana nyumba ya kupangisha, ana magari matatu kwa jina la shemeji. Sheria ya kupambana na mapato ya uhalifu na utakatishaji wa fedha tunayo tangu 2009, na inawataka hata mawakala wa ardhi na nyumba waripoti mauzo yanayotia shaka. Sheria ya kufadhili kampeni tunayo tangu 2013, ila uchaguzi wa 2017 ukapita na wa 2022 ukapita bila viwango vyake kutumika. Na baada ya noti zote zile kufa 2019, Februari 2024 Kenya iliwekwa katika orodha ya kimataifa ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kuzuia pesa chafu. Kama jirani yako anataka jambo la kumuuliza mgombea atakayekuja Kibuye na spika kwenye gari, amuulize kuhusu sheria ya 2013. Aulize amepewa na nani hizo mia mbili mbili anazogawa.

Wakiamua kuiondoa noti tena, kuna mambo ambayo ningeyadai kwa sauti. Muda uwe mwaka mzima. Magari ya benki yafike ufuoni na kwenye masoko ya vijijini, siyo matangazo ya redio pekee. Na baada ya tarehe ya mwisho, mtu mwenye kiasi kidogo na sababu ya kweli, mgonjwa au mfiwa, awe na dirisha moja la kusikilizwa. Yule mama wa Usenge hakuwa na dirisha.

Kuhusu laki mbili zako: zitoe nyumbani, hata kama noti haitaguswa kamwe. Siku hizi mabanda yanaungua na wezi wanavunja. Najua kwa nini wafanyabiashara mnapenda taslimu. Kuweka kwa wakala ni bure, lakini kutoa kuna ada, na belo linataka pesa alfajiri. Basi bakiza nyumbani za safari moja tu, nyingine ziende benki au kwenye sacco. La muhimu kuliko hapo, kuwa na daftari. Andika tarehe, belo, bei, mauzo. Hifadhi risiti za Gikomba hata zikiwa zimechakaa. Siku ukiulizwa na keshia kama mimi, usitazame mlangoni. Fungua daftari.

Mama, mama yetu alitutoka mwaka jana. Juzi nikipanga nguo zake nilikuta leso imefungwa fundo, ndani kuna noti tano za 1,000 zenye picha ya Mzee Kenyatta, pamoja na za 200 mbili. Kuna mtu hapa mjini anasema anazinunua kwa 400 kila moja, ila nimtumie kwanza 1,500 za kusajiliwa. Nifanye nini?
– Mfiwa, Nakuru

Pole sana, mwanangu. Usimtumie hata shilingi. Huyo anataka hizo 1,500 zako tu, na ukituma hutamwona tena.

Noti za zamani za 1,000 hazina thamani ya kununulia kitu tangu Oktoba 1, 2019. Benki Kuu ina kituo chake cha sarafu huko Nakuru, lakini hata huko hazitabadilishwa, usipoteze nauli. Zile mbili za 200 ni jambo tofauti: noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 hazikuondolewa. Akikukatalia mwenye duka kwa sababu ya picha, zipeleke benki uziweke kwenye akaunti.

Na hizo tano, zirudishe ndani ya leso. Fundo la mama yako lina miaka ambayo alijinyima kitu ili aliweke. Watoto wako wakikua waonyeshe.

Mama, mimi ni mbadilisha pesa hapa mpakani Busia. Mwaka 2019 Benki Kuu za Uganda na Tanzania zilipoacha kubadilisha shilingi yetu nilikwama na noti nzee na kupata hasara kubwa. Sasa naona noti za 1,000 za aina mbili, na wateja kutoka Uganda wanazikataa zile za mwanzo. Je, zinakufa?
– Mbadilisha pesa, Busia

Hapana. Zilizotoka Agosti 2024 ni zilezile za 2019, wanyama walewale na rangi ileile. Kilichobadilika ni mwaka, saini ya Gavana Kamau Thugge na ya Katibu wa Hazina, na ule uzi wa usalama unaobadilisha rangi ukiigeuza noti kwenye mwanga. Benki Kuu ilisema waziwazi kwamba za mwanzo zinaendelea kutumika sambamba.

Noti haifi kwa uvumi wa mpakani. Mwaka 2019 kulikuwa na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali lenye tarehe ya mwisho, na likija jingine litakuwa hivyohivyo. Mpaka hapo, shika noti moja ya kila aina mezani pako, na mteja wako kutoka Uganda akikataa, mpe zote mbili mkononi, umwonyeshe ndovu yuleyule kwenye zote, umwonyeshe mahali saini zinapotofautiana, kisha umwache azigeuze mwenyewe kwenye jua.